Friza Iliyozima Siku ya Kumi na Tisa: Uchambuzi wa Dai la Waranti

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia kati ya maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo na nyumba za wanunuzi huko Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara, kwa hiyo hakuna duka wala mtu anayetajwa. Tumekichagua kwa sababu ndani yake mna karibu makosa yote yanayomfanya mnunuzi mwenye haki yake aonekane hana haki.

Kilichotokea

Mama mmoja anayeuza maji, juisi ya ubuyu na barafu nyumbani kwake Mbagala anataka friza mpya ya kulala, lita 200. Anaambiwa bei ni shilingi 850,000, lakini akichukua bila risiti ataachiwa kwa 780,000. Anasisitiza apewe risiti. Muuzaji anatafuta njia ya kati: bei inabaki 780,000, risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi) inatoka, ila imeandikwa shilingi 250,000, na kwenye maelezo ya bidhaa pameandikwa "friza 1", basi. Kadi ya waranti imo ndani ya boksi, haijajazwa wala kugongwa muhuri. Pesa inalipwa kwa simu, kwenye namba binafsi ya kijana wa mauzo.

Friza inapakiwa kwenye guta ikiwa imelazwa ubavu, na mzigo mwingine juu yake. Saa nane mchana imefika. Saa nane na nusu imeshachomekwa, kwenye ekstensheni moja na televisheni na redio. Jioni inajazwa chupa 60 za nusu lita. Kesho yake asubuhi maji ni ya baridi tu, hayajaganda. Muuzaji akipigiwa simu anasema zungusha thamostati hadi mwisho. Wiki ya pili umeme unakatika na kurudi mara kadhaa ndani ya jioni moja. Siku ya 19 friza inalia "tik", inanyamaza, na baada ya dakika chache inalia "tik" tena. Barafu yote inayeyuka.

Anaitwa fundi wa mtaani. Anagusa kompresa, ile mashine yenye mota inayosukuma gesi, inaunguza mkono, anatamka kwamba gesi imeisha. Anakata kibomba cha kujazia gesi, anachomelea valvu, anajaza, anachukua shilingi 90,000. Friza inaendelea kulia "tik". Siku ya 21 mama anakwenda dukani na kujibiwa hivi: "Umeme ndio umeiunguza, waranti haihusiani na umeme. Tena mmeshaifungua."

Mlio wa "tik" ulikuwa unasema nini

Friza iliyopungukiwa gesi huwa inaendelea kunguruma. Kompresa inafanya kazi, tena bila kupumzika, ila baridi ni hafifu au panaganda pembe moja tu. Friza inayolia "tik" na kunyamaza ni tatizo jingine kabisa: kompresa inajaribu kuwaka, inashindwa, inavuta umeme mwingi kuliko kawaida, na ovaload, kifaa kidogo kilichobandikwa ubavuni mwake, inakata umeme ili mota isiungue. Ikipoa, inarudisha. Ndipo "tik" inasikika tena.

Fundi mwenye kipimo cha umeme alipaswa kuanza na mambo matatu kabla ya kugusa bomba lolote. Kwanza, kupima volti kwenye soketi wakati kompresa inajaribu kuwaka, si wakati imetulia. Soketi inaweza kuonyesha 225 ikiwa haina mzigo, kisha ikaporomoka hadi 170 mara tu kompresa inapojaribu kuwaka, kwa sababu waya wa ekstensheni ni mwembamba au maungio yamelegea. Pili, kuchomoa stata, kifaa kidogo kinachoisaidia kompresa kuanza, na kuitikisa karibu na sikio. Ikigongagonga ndani, kile kidonge chake kimevunjika. Stata ni kipuri cha bei ndogo sana ukilinganisha na kompresa. Tatu, kupima ukinzani kati ya pini tatu za kompresa. Vipimo viwili vidogo vikijumlishwa lazima vilingane na kile kikubwa, na pini yoyote haitakiwi kugusana kiumeme na bodi. Vikilingana, mota haijaungua.

Katika kisa hiki stata ndiyo iliyokufa. Mota ilikuwa nzima. Yaani siku ya 19 tatizo lilikuwa dogo, linalotengenezeka kwa muda mfupi, na liko ndani ya waranti.

Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa kabisa, na ikipungua kuna mahali panavuja. Fundi anayesema "gesi imeisha" bila kutafuta panapovuja hajapima kitu. Hapa kosa lilikuwa kubwa zaidi ya hilo, kwa sababu sahani iliyobandikwa nyuma ya friza inasema R600a, gesi inayoshika moto, na pembeni yake kuna alama ya pembetatu ya njano yenye mwali. Mfumo wa aina hii huwa na gesi kidogo tu, makumi machache ya gramu, na hujazwa kwa kupima uzito kwenye mizani. Fundi alijaza R134a kwa kukisia. Gesi hiyo haipatani na oili ya kompresa ya R600a, na shinikizo lake ni kubwa kuliko lile ambalo kompresa ile imetengenezewa. Mbaya kuliko yote, alisogeza moto wa kuchomelea kwenye bomba lenye gesi inayolipuka, sebuleni, watoto wakitazama. Ukiiona pembetatu ile, usimruhusu mtu yeyote awashe moto wa kuchomelea ndani ya nyumba yako.

Kwa nini stata ilikufa

Sababu iliyo dhahiri ni umeme wa wiki ya pili. Kompresa ikizimika ghafla, shinikizo linabaki kubwa upande mmoja wa mabomba, na huhitaji takriban dakika tatu hadi tano kusawazika. Umeme ukirudi baada ya sekunde kumi, mota inalazimika kuanza ikisukuma ukuta. Stata na ovaload ndizo zinazobeba mateso hayo. Umeme mdogo nao unaua vilevile, na wengi hawaamini: volti zikishuka, mota inakosa nguvu ya kuanza, inavuta mkondo mkubwa zaidi na kupata joto.

Lakini duka haliwezi kusema "umeme" likaishia hapo, kwa sababu mambo mengine matatu yalikuwa yameanza kuiumiza friza tangu siku ya kwanza.

Kulazwa ni la kwanza. Ndani ya kompresa kuna oili inayolainisha mota. Friza ikilazwa, oili hutiririka kuingia mabombani. Ukiiwasha baada ya nusu saa, kompresa inasaga kavu. Friza iliyosafirishwa wima iache itulie saa mbili hadi nne. Iliyolazwa, ni salama zaidi kuiacha wima hadi kesho yake. Hakuna aliyemwambia mnunuzi hivyo, na waliopakia guta ni vijana wa duka lenyewe. Hoja hii ni nzito, tutairudia.

La pili ni ekstensheni. Waya mwembamba unaofaa kuchaji simu haufai kwa kompresa. Friza ichomekwe kwenye soketi ya ukutani, peke yake, yenye waya wa ethi unaofanya kazi. (Kama ukigusa bodi ya friza kwa mkono wenye maji unahisi mtetemo wa umeme, ethi haipo au imekatika. Zima na uite fundi umeme siku hiyohiyo.)

La tatu ni zile chupa 60. Kwenye sahani kuna mstari unaotaja uwezo wa kugandisha kwa kilo ndani ya saa 24. Kwa friza hii ni kilo 10. Chupa 60 za nusu lita ni kilo 30 za maji ya joto. Kompresa ilifanya kazi usiku kucha bila kupumzika, na maji hayakuganda kwa sababu hayakuweza kuganda. Haikuwa mbovu. Ilitakiwa kuwashwa ikiwa tupu hadi ipoe, ndipo ianze kupakiwa chupa 20 kwa siku.

Sahani hiyohiyo ina herufi ambayo wanunuzi wa Pwani wanapaswa kuitafuta kabla ya kuuliza bei: daraja la hali ya hewa. N maana yake friza imetengenezwa kwa chumba chenye joto la nyuzi 16 hadi 32. ST ni hadi 38. T ni hadi 43. Chumba cha bati Mbagala mwezi wa pili kinapita 32 bila shida. Friza ya N ikiwekwa humo haitazimika siku ya kwanza, ila itanguruma mchana kutwa, itakula umeme, na haitadumu. Hii ya kwetu ilikuwa N. Duka jirani lilikuwa na ya T, kwa bei inayopita hii kidogo tu.

Karatasi iliyomwangusha

Tuje kwenye risiti, kwa sababu hapa ndipo dai lilipovunjika miguu.

Risiti ya EFD ya shilingi 250,000 kwa bidhaa ya 780,000 ni udanganyifu wa kodi, na wengi wanadhani hasara ni ya serikali peke yake. Si kweli. Duka likikubali kurudisha pesa, litasema linarudisha kilichoandikwa. Mnunuzi amebaki na tofauti ya shilingi 530,000 ambayo lazima aithibitishe kwa njia nyingine. Njia hiyo ni ujumbe wa malipo kwenye simu, nao unaonyesha jina la kijana wa mauzo, si la duka. Kijana akiacha kazi, duka litasema halijui alilipwa nini. Angelipa kwa lipa namba, ujumbe ungetaja jina la biashara, na hoja ingekwisha hapo. Zaidi ya hayo, sheria ya kodi inamtaka mnunuzi naye adai risiti halali, kwa hiyo akiikubali ya uongo anajiweka pabaya mwenyewe.

Maneno "friza 1" nayo hayatoshi. Dai la waranti linasimama juu ya namba ya siriali. Bila namba hiyo kwenye risiti au kwenye kadi, duka linaweza kusema friza iliyoletwa siyo waliyouza. Mbele ya kaunta, kabla ya kulipa, fungua boksi, soma namba iliyo kwenye sahani, ilinganishe na ya kwenye boksi, kisha hakikisha imeandikwa kwa kalamu kwenye kadi ya waranti pamoja na modeli, tarehe na muhuri wa duka. Mashine ya EFD ikiwa haina nafasi ya maelezo marefu, waombe waandike namba hiyo nyuma ya risiti na kugonga muhuri. Halafu piga picha risiti papo hapo. Karatasi ya EFD huchapwa kwa joto, na ikikaa kwenye pochi au karibu na jiko maandishi hufutika baada ya miezi michache, wakati waranti ni ya mwaka. Ukiwa hapohapo kaunta unaweza kuihakiki kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa kutumia namba ya uhakiki iliyo kwenye risiti.

Kuna sentensi moja kwenye kadi ya waranti ambayo hakuna aliyeisoma: "kwa matumizi ya nyumbani tu." Anayeuza barafu anafanya biashara, na duka likitaka kumfungia mlango litatumia mstari huo hata kabla ya kufika kwenye umeme. Dawa yake ni kumwambia muuzaji mapema, na kwa maandishi. Ujumbe wa WhatsApp unatosha: "Nataka friza ya kugandisha maji ya kuuza, chupa 40 kwa siku, chumba cha bati. Ipi inafaa?" Akikujibu "chukua hii", umeshapata ushahidi wenye nguvu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema mnunuzi akimjulisha mfanyabiashara kazi anayoitakia bidhaa na kutegemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo kwa kiasi kinachostahili. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), nayo inamlinda mlaji dhidi ya maelezo ya kupotosha. Bango la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" halifuti wajibu huo kwa bidhaa iliyouzwa ikiwa mbovu. Linaweza kumzuia mtu aliyebadili mawazo kuhusu rangi.

Usomaji wa waranti unahitaji makini pia pale panapoandikwa "kompresa miaka 10". Mara nyingi hiyo ni kompresa kama kipuri tu. Gesi, kuchomelea, ufundi na usafiri ni juu yako baada ya mwaka wa kwanza. Uliza hilo kabla hujavutiwa na namba kubwa.

Nani alipe nini

Tukiupima mzigo bila upendeleo, duka lina lake. Jibu la "umeme umeiunguza" lilitolewa bila friza kufunguliwa, bila kipimo. Hilo ni dhana tu. Anayekataa dai la waranti anapaswa kuonyesha sababu, na mnunuzi ana haki ya kudai ripoti ya fundi wa duka kwa maandishi, yenye vipimo na sahihi. Vijana wa duka ndio walioilaza friza. Na risiti ya uongo ni ya duka.

Mnunuzi naye ana lake. Kumwita fundi wa nje kabla ya kutoa taarifa dukani kulivunja sharti la waranti na kuharibu ushahidi. Kabla bomba halijakatwa, mtu yeyote angeweza kuona kwamba mfumo ulikuwa umefungwa kama ulivyotoka kiwandani. Baada ya hapo, kila hitilafu ya gesi na oili inaweza kusukumiwa kwa fundi yule.

Alichofanya baadaye ndicho kinachofaa kuigwa. Hakurudi kugombana kaunta. Alipiga picha ya sahani, stata, bomba lililokatwa na ekstensheni; akarekodi video ya sekunde 40 yenye mlio wa "tik"; akachukua taarifa ya miamala kwa kampuni ya simu; kisha akaandika barua fupi, nakala mbili, moja ikagongwa muhuri wa kupokelewa na duka. Barua ilisema hivi:

"Tarehe fulani nilinunua kwenu friza modeli hii, siriali hii, kwa shilingi 780,000, ushahidi wa malipo umeambatishwa. Ilisafirishwa na vijana wenu ikiwa imelazwa. Siku ya 19 iliacha kuwaka. Fundi wa nje alikata bomba la gesi tarehe fulani. Gharama ya kurekebisha hilo nitabeba. Naomba stata na ovaload zibadilishwe chini ya waranti, na ripoti ya maandishi ya hali ya kompresa, ndani ya siku 7. Nisipojibiwa nitawasilisha malalamiko Tume ya Ushindani na dai Mahakama ya Mwanzo."

Angalia alivyotaja mwenyewe suala la bomba. Angelificha, duka lingeligundua ndani ya dakika moja na kuitumia kasoro hiyo kuzima barua nzima. Kwa kulitaja na kulibeba, alilitenga na dai la stata, ambalo ni safi. Angalia pia kwamba hakudai friza mpya. Katika hali hii angelidai hivyo, angepoteza wiki nyingi kubishana kitu asichoweza kukithibitisha.

Duka lilikubali. Stata na ovaload zilibadilishwa bure, kompresa ikapimwa na kukutwa nzima. Yeye alilipia kuondolewa kwa R134a, draya (kichujio cha unyevu) mpya, kuvutwa hewa kwa pampu ya vakyumu na kujazwa R600a kwa mizani, pamoja na usafiri, safari hii friza ikiwa wima kwenye kirikuu. Pamoja na zile 90,000 za fundi wa kwanza, ametoa zaidi ya laki mbili kwa hitilafu ambayo isingemgharimu hata shilingi kama angeanza na simu dukani. Aliomba pia kadi ya waranti ijazwe upya kwa namba ya siriali na muhuri, na ikajazwa.

Kama sababu kuu ingekuwa umeme wa laini yenyewe, kwa mfano nyumba kadhaa za mtaa kuunguliwa vifaa jioni ileile, dai lingeelekezwa kwa TANESCO kwanza, kwa maandishi na haraka, likiwa na orodha ya majirani walioathirika, na lisiposhughulikiwa lingepelekwa EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Duka halihusiki hapo.

Kilichobaki ni kinga. Friji gadi hukata umeme ukishuka au kupanda kupita kiasi, nyingi hukata karibu na volti 185 chini na 260 juu, na umeme ukirudi hungoja dakika kadhaa kabla ya kuruhusu kompresa kuwaka. Kungoja huko ndiko kunakookoa stata. Ijaribu dukani: chomeka taa, zima soketi, washa; taa ikiwaka palepale, gadi hiyo haina kingojeo, iache. Gadi hainyanyui umeme mdogo. Mtaa ambao volti hushinda chini ya 190 kila jioni unahitaji stabilaiza, na kwa friza ya wati 150 isipungue VA 1,000, maana wakati wa kuwaka kompresa huvuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida. Stabilaiza nayo inunuliwe yenye kingojeo, na namba yake ya siriali iandikwe kwenye risiti.